Timu yenu inataka kusema neno uwanjani? Basi pangeni hivi

Wale wa "michezo isichanganywe na siasa" nawaomba radhi mapema, mana kwa Mzanzibari hiyo kauli haisimami hata kidogo. Tizama 2017 peke yake: mwezi wa tatu CAF, shirikisho la mpira la Afrika, wanatupokea kuwa mwanachama wa 55, mwezi wa saba wanatutoa kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na wanachama wawili, alafu Disemba timu yetu ya taifa, Zanzibar Heroes, inakwenda Kenya, wanafika fainali ya Chalenji, kombe la Afrika Mashariki na Kati, na wanatolewa na wenyeji kwa penalti tu. Niambie sasa, pale Machakos kwenye fainali ile timu kuingia uwanjani na jezi zake si kauli tosha?

Kwa hiyo hapa sijadili kama inafaa au haifai. Nasema na nyinyi vijana wa timu za mitaani, za madaraja ya vijana (juvenile, central), timu za skuli, timu za wasichana, hata wa ligi kuu, Unguja na Pemba, ambao mna jambo linawakera na mnataka mtumie mechi kulisema. Mfano wangu utakuwa kiwanja kuchukuliwa, mana ndio unaotukuta sana: mnacheza pahala toka enzi za baba zenu, siku moja mnakuta matofali yameshushwa na mabati yanazungushwa, ukiuliza unaambiwa pana mradi. Lakini hata kama jambo lenu ni Palestina, ni posho hazilipwi au ni njia ya skuli haina taa, mpango ni ule ule.

Anzeni na ombi, alama baadae

Timu nyingi huanza kwa kugombania tuvae nini, tupige goti au tunyanyue mkono, na mtu wa grupu la WhatsApp keshatengeneza na posta kabisa. Acheni kwanza. Kaeni muandike sentensi moja: tunamtaka NANI afanye NINI. "Tunapinga dhulma" hiyo sio ombi, hakuna afisa atakaeamka asubuhi akaenda kuitekeleza. "Tunaomba Kamisheni ya Ardhi na manispaa watuoneshe hati ya kiwanja hichi na ujenzi usimame mpaka tukae kikao" hilo ni ombi, mana lina mlango wa kugonga.

Wasichana wa Nigeria, Super Falcons, wao walilijua hili. Disemba 2016 wamerudi na kombe la Afrika, pesa zao za bonasi hawajapewa, wakakataa kutoka hotelini Abuja, alafu siku ambayo rais anasoma bajeti bungeni wakatokea nje ya bunge na mabango. Ombi lao lilikuwa tulipeni chetu, basi, kila aliyewaona kwenye TV alielewa pale pale, na kabla mwaka haujesha wakalipwa. Na Rashford, mchezaji mpira kule Uingereza, 2020 hakusema ondosheni umasikini, alisema watoto wanaopata chakula cha bure skuli wapewe na wakati wa likizo. Serikali iliyosema haiwezekani ikageuka ndani ya siku mbili. Angesema "tuwajali masikini" angepigiwa makofi, na chakula kisingetoka.

Kama mmekaa na hiyo sentensi haiji, bado hamjawa tayari, chezeni mpira.

Kikao cha wachezaji, na wa kuachwa waachwe

Kikao kiwe cha ana kwa ana, sio grupu, mana grupu lina skrinshoti na skrinshoti haina rafiki. Humo kepteni amuulize kila mtu faragha, sio mbele ya wenzake, yumo au hayumo. Anaesema hapana asiulizwe kwa nini na asitaniwe.

Kwa Zanzibar hili lina uzito wake na watu wa nje hawalijui. Ukitizama ligi yetu, KMKM, JKU, Mafunzo, KVZ, Zimamoto, Polisi, hizo ni timu za vikosi. Mchezaji pale mara nyingi ni askari kabla hajawa winga, ana namba, ana mkuu wake, na askari hakubaliwi kujiingiza kwenye mambo ya vyama. Kule Marekani mchezaji akipiga goti ataambiwa na bosi wa klabu, huyu wetu ataitwa na kamanda, ni kitu chengine kabisa. Kama mna mwenzenu wa kikosi anakuja kuwasaidia kwenye bonanza la mtaa, siku hiyo apumzike. Mwambieni mapema, msimuweke akachagua mbele ya kamera.

Na walio chini ya miaka 18 wazee wao wajue. Nasema wajue, sio wasikie barazani. Kwa timu za wasichana hapa pazito zaidi, mana dada anaecheza mpira tayari ana vita yake ya nyumbani na ya mtaani kuhusu kucheza kwenyewe, sasa mkimuongezea hili bila ya mama yake kukaa na kocha mnaweza mkampotezea mpira wote. Kocha wa kike kama yupo ndio aende, akae chini na huyo mama, anywe chai, aeleze.

Alama

Hapa ndipo patamu. Alama nzuri ni ile ambayo mtu aliye jukwaani mbali, hasikii kitu, anaiona na anaifahamu, na adui yako hawezi kuipa maana nyengine kirahisi. Hiyo ya pili ndio ngumu kwetu.

Mana sisi tuna ugonjwa wa rangi. Kijani na njano, umeshaambiwa CCM. Zambarau, umeshaambiwa ACT. Utamueleza mtu kuhusu kiwanja mpaka ukauke mate, yeye anatizama utepe wako tu na anahesabu wewe wa kule au wa huku. Jambo la mtaa mzima linageuka jambo la chama kwa kitambaa cha shilingi mia tano, na likishageuka nusu ya mtaa imekuacha. Basi rangi hizo zote wekeni pembeni, hata kama ndio rangi za jezi yenu ya kawaida nawashauri siku hiyo mvae jezi ya pili. Nyeusi na nyeupe zinatosha. Na wakati wa uchaguzi miezi miwili mitatu kabla na baada, kama jambo linaweza kungoja lingoje, hapo hata ukivaa nyeupe wataitafutia chama.

Kitambaa cheusi mkononi nakipenda kwa sababu watu wa mpira wanakijua toka zamani ni cha msiba. Henry Olonga na Andy Flower wa Zimbabwe 2003, kombe la dunia la kriketi, Harare, walivaa weusi mkononi wakasema wanaomboleza kifo cha demokrasia nchini kwao. Hawakuwa hata na kitambaa cha maana, ilikuwa tepu nyeusi ya kuzungushia. Lakini kabla ya mechi walishawapa waandishi karatasi yenye maelezo yao, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema pengine wamefiwa na jamaa. Tepu na karatasi, moja bila ya mwenzake haijakamilika.

Wabrazil wa Corinthians 1982, wakati nchi iko chini ya wanajeshi, walivaa mgongoni maneno ya kuwaambia watu tarehe 15 nendeni mkapige kura. Sócrates alikuwa na msimamo wake na kila mtu anaujua, lakini mgongoni hakikuandikwa chama. Serikali ingekataza vipi watu kuambiwa waende kwenye uchaguzi ulioitisha yenyewe? Hicho ndio kipaji, unachukua neno ambalo mkubwa mwenyewe hawezi kulikana mbele za watu. Kwenye kiwanja chetu mfano mnaweza kuandika "VIJANA NA MICHEZO" tu mkasimama nalo mbele ya yale mabati. Nani atakayepinga vijana na michezo? Picha itajisemea.

Smith na Carlos, wakimbiaji weusi wa Marekani kwenye Olimpiki ya Mexico 1968, mnawajua, ile picha ya ngumi na glavu nyeusi. Vitu viwili watu huvipita. Kwanza miguuni hawakuvaa viatu, ni soksi nyeusi tu, kuonesha umasikini wa watu wao, kila kitu pale kilikuwa na maana. Pili, Carlos alisahau glavu zake, ndio mana mmoja kanyanyua kulia na mwengine kushoto, walipasua pea moja, na wazo la kugawana lilitoka kwa yule mzungu wa Australia aliyekuwa wa pili, Peter Norman, ambae na yeye alivaa beji yao kifuani. Huyo Norman alipofariki 2006 waliobeba jeneza mbele walikuwa Smith na Carlos. Tafuteni Norman wenu. Kepteni wa timu pinzani akivaa kitambaa kile kile na yeye, hakuna tena wa kusema hii ni fitna ya timu moja yenye hasira. Mkacheze na wapinzani wenu wa jadi siku hiyo makusudi, na muwafuate wiki kabla muwaombe.

Kuhusu kupiga goti. Kaepernick, mchezaji wa mpira wa Kimarekani (NFL), mwanzo alikuwa anakaa tu benchi wimbo wa taifa ukipigwa, watu wakasema anadharau wanajeshi, ndipo akazungumza na aliyekuwa komando, Nate Boyer, akamshauri apige goti kando ya wenzake, inaonesha heshima zaidi. Alibadilisha, vizuri, ingawa na ligi hakurudi tena baada ya msimu ule. Kwetu mimi binafsi sioni kama goti linasomeka, mzee wa Wete atauliza vijana wamechoka au wanaomba dua. Kusimama kimya mduara wa kati, mikono mgongoni, dakika moja kabla ya filimbi, inasomeka Unguja na Pemba bila ya mkalimani.

Wimbo wa taifa na bendera msiviguse. Sio woga, ni hesabu. Mtakuwa mnajibu kesi ya bendera wakati jambo lenu lilikuwa kiwanja.

Refa ana kitabu chake

Someni sheria namba 4 ya mpira wa miguu. Jezi, na hata fulana ya ndani, haitakiwi iwe na maneno au picha za siasa, dini au mambo binafsi. Alafu kuvua jezi ni kadi ya njano hata ungekuwa umeandika "nakupenda mama". Aboutrika wa Misri 2008 pale Ghana, kombe la Afrika, mechi na Sudan, kafunga, kanyanyua jezi, chini imeandikwa kuwahurumia watu wa Gaza, kadi ya njano. Kanouté wa Sevilla 2009 kaonesha fulana ya Palestina, njano na faini ya yuro 3,000. Wote wawili walijua na walifanya, na mimi na wewe tunaikumbuka picha mpaka leo kuliko magoli mengi ya mwaka ule, kwa hiyo kadi sio mwisho wa dunia. Lakini iwe kadi mliyoipangia bajeti. Kama mfungaji wenu ana njano moja tayari na ndie anaetegemewa dakika ya 80, fulana avae mwengine.

Kitambaa mkononi ni rahisi zaidi, na kilicho rahisi kabisa ni kabla ya mechi au baada, wakati hamjawa chini ya filimbi. Mabango, fulana za kupashia misuli, kimya cha dakika moja, vyote vinaingia pale. Mwendeeni refa na kamisaa wa mechi mapema, kwa adabu, muwaambie mtafanya nini na kitachukua muda gani. Wakikataa mfanye nje ya mstari. Refa hajawachukulia kiwanja nyinyi, msimtie matatani na watu wake.

Kususia mechi moja kwa moja ni hatua ya mwisho kabisa. Mnapokonywa pointi, mnapigwa faini, na mashabiki waliotoka Mkoani kwa gari ya shamba kuja uwanja wa Gombani wanarudi wanawatukana nyinyi, sio aliyezungusha mabati. Kuna judoka wa Algeria, Fethi Nourine, alijitoa Olimpiki ya Tokyo asipangwe na Muisraeli, yeye na kocha wake wakafungiwa miaka 10 kila mmoja. Kwa umri wa mwanamichezo hiyo ndio kazi yote imekwisha. Wapo watakaosema ilistahiki, na sibishani nao, ila alieamua ni yeye, hakusukumwa na grupu.

Msemaji mmoja, na ajue maswali

Hii sehemu watu huiruka na ndio inayoua. 1980 Marekani inataka nchi zote zisusie Olimpiki ya Moscow, Carter akamtuma Muhammad Ali azunguke Afrika kushawishi, na kituo cha kwanza Dar es Salaam. Ali! Mtu aliyekataa kwenda vita vya Vietnam, kavuliwa mkanda, kashinda mahakama ya juu ya Marekani 1971, Afrika nzima inampenda. Kufika, Nyerere akakataa kuonana nae. Na waandishi wakamuuliza swali jepesi tu: sisi 1976 tulisusia Olimpiki ya Montreal kwa ajili ya Afrika Kusini, nyinyi Wamarekani mlikuwa wapi? Ali hakuwa na jawabu, mana waliomtuma hawakumueleza habari hiyo. Bondia mkubwa kuliko wote kaangushwa na swali la kwanza.

Sasa nyinyi mtaulizwa nini? Nani kawatuma. Nani kawapa pesa za fulana. Kwa nini hamkwenda kwa sheha kwanza. Kwa nini hamkusema wakati kiwanja kinageuzwa jaa. Mbona jirani yenu kajenga hamkulalamika. Kaeni barazani mumuweke msemaji katikati mumbanike kweli kweli, khasa wale wenye ulimi, mpaka ayajibu kwa sauti ya kawaida bila ya kupandisha. Wengine wote siku hiyo jawabu lao moja: "muulizeni msemaji". Na kama hamkwenda kwa sheha kwanza basi nendeni kweli, msitunge.

Ahadi nayo muipime kabla haijatoka mdomoni. Sócrates 1984 aliahidi mbele ya umati kwamba kura za moja kwa moja za kumchagua rais zikipitishwa habanduki Brazil. Bunge halikupitisha, ikabidi aondoke kwenda Italia. Msemaji wenu asije akatamba "hatutocheza tena mpaka…" mana wiki mbili baadae mtacheza, na watu watacheka.

Bei yake

Filbert Bayi 1974 Christchurch alikimbia mita 1,500 akaongoza toka mwanzo mpaka mwisho, dakika 3 sekunde 32.16, rekodi ya dunia, nyuma yake John Walker wa New Zealand. Dunia nzima ikangojea wakutane Montreal 1976. Tanzania ikasusia pamoja na nchi nyengine zaidi ya 20 za Afrika kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza kwa makaburu. Walker akachukua dhahabu, Bayi yuko nyumbani. 1980 akapata medali ya fedha Moscow ya kuruka viunzi na maji, na ukiitoa hiyo na ile ya Suleiman Nyambui mita 5,000, hadi Paris 2024 Tanzania haijapata medali nyengine ya Olimpiki. Uamuzi wa 1976 mimi nauona ulikuwa wa haki, makaburu walibanwa na michezo kweli kweli. Lakini alieamua alikuwa serikali na aliyelipa alikuwa mkimbiaji, na hiyo ndio sababu nimeng'ang'ania pale juu mchezaji aulizwe.

Feyisa Lilesa wa Ethiopia, marathoni ya Rio 2016, wa pili nyuma ya Kipchoge, kavuka mstari kafunga mikono juu alama ya X kwa ajili ya Waoromo wenzake. Hakurudi nyumbani zaidi ya miaka miwili, mpaka serikali ilipobadilika. Olonga nae aliikimbia Zimbabwe.

Nyinyi wa kiwanja cha mtaa hayatawafika hayo, inshallah, lakini yapo madogo: mtu kupoteza kibarua, ruhusa ya kutumia uwanja wa skuli kufutwa, mfadhili wa jezi kujitoa kimya kimya. Yaandikeni yote kwenye karatasi, mbele ya kila moja muandike nani atasaidia na kwa kitu gani. Mchango wa faini ukusanywe kabla. Tafuteni mwanasheria mmoja anaejua jambo hili na namba yake iwe kwenye simu za watu wawili watatu, sio mmoja.

Siku yenyewe

Chagueni mechi inayojaza. Mechi ina kibali chake tayari, maandamano hayana, kwa hiyo jambo lianze uwanjani na liishe uwanjani. Msitoke na ngoma kuelekea kwa sheha, hapo mmeshaingia kwenye habari ya polisi na kibali. Mashabiki wakianza nyimbo za chama, chochote kile, kepteni aende jukwaani mwenyewe awaombe wanyamaze, wakigoma alama ivuliwe mucheze mpira tu. Nimeona jambo zuri linaharibiwa na beti moja ya kejeli.

Picha mumpe kazi mtu mmoja mwenye simu nzuri, asimame jua likiwa nyuma yake, apate uso wa kepteni, kitambaa na mabati kwenye fremu moja. Watoto wasionekane sura. Laivu msiende, mana kwenye laivu huwezi kumfuta mpumbavu aliyepita nyuma anatukana. Posti moja, sentensi ile moja ya ombi, basi.

Na chezeni vizuri jamani. Mkifungwa 6 nani atawasikiliza?

Jumatatu asubuhi

Barua iwe ishaandikwa toka wiki iliyopita, ukurasa mmoja, ombi mstari wa juu, majina na saini za timu zote mbili, na wazee wawili wa mtaa wanaoheshimika na kila upande. Kopi nne: kwa sheha, kwa manispaa au halmashauri, kwa Kamisheni ya Ardhi, na ya Baraza la Michezo. Waende watu watatu, wamevaa vizuri, asiwe kijana mwenye hasira. Kila ofisi muombe muhuri wa kupokelewa na tarehe kwenye kopi yenu, wakikwambia iache tu utapigiwa simu, kaeni kwenye benchi mpaka muhuri upigwe. Baada ya wiki mbili rudini na ile ile. Kopi zenye mihuri akae nazo katibu, sio kepteni, mana dirisha la usajili likifunguliwa kepteni unaweza ukamkuta timu nyengine.